Niifunge Kampuni Yangu au Niendelee Kuipigania?

Shikamoo Mshauri,

Nimeisoma safu yako kwa muda mrefu na leo zamu imenifikia. Naomba usitaje jina langu, kwani wafanyakazi wangu na baadhi ya wateja wangu nao ni wasomaji wako.

Nina kampuni changa niliyoianzisha na rafiki yangu wa chuo miaka minne iliyopita. Tunatengeneza programu ya simu kwa ajili ya mafundi cherehani. Fundi anaingiza vipimo vya mteja, anapiga picha ya kitambaa, anaandika malipo ya kwanza na siku ya kuchukua nguo. Nguo ikiwa tayari, mteja anapata ujumbe. Mama yangu ni fundi, na nimekua nikiliona daftari lake: vipimo vimefutwa na kuandikwa upya juu kwa juu, kipande cha kitambaa kimebanwa kwa pini pembeni mwa ukurasa ili ajue nguo ni ya nani. Pini ikichomoka, kazi imeharibika. Niliamini, na bado naamini, kwamba shida hii inastahili dawa.

Mwanzo ulitupa moyo. Tulishinda shindano la wabunifu, mwekezaji mmoja akatupa mtaji, tukaajiri watu wawili. Mafundi walijiandikisha kwa kasi. Tatizo ni kwamba hawakai. Fundi anaingiza wateja wake watano sita, na ikifika wiki ya tatu amerudi kwenye daftari. Leo waliojiandikisha wamepita 900, wanaoifungua programu kila siku hawazidi 60, na wanaolipa ada ya mwezi ni 22. Tumeshusha ada, tumetoa mwezi wa bure, tumeongeza sehemu ya mahesabu, tumeongeza sehemu ya kuonyesha mitindo. Kila tunachoongeza tunakuwa na hakika kwamba ndicho kilichokuwa kinakosekana. Watu wanafurahi kwa siku chache, halafu kimya.

Mwaka jana mwenzangu aliondoka, akaajiriwa. Alisema tumejaribu, inatosha. Hatukugombana, lakini moyoni nilihisi amenitelekeza katikati ya safari, na tangu hapo tunasalimiana tu kwa sikukuu.

Pesa za mwekezaji zimekwisha. Mishahara nailipa kwa akiba yangu na kwa mkopo wa benki ambao dada yangu amenidhamini. Mimi mwenyewe sijachukua mshahara kwa muda mrefu. Nikipiga hesabu, tunaweza kwenda miezi mitano. Dada hajawahi kuniuliza lolote kuhusu mkopo huo. Mume wangu naye hajawahi kuniambia niache, ila majuzi mtoto alimuuliza kwa nini mama haendi nao, akamjibu, "Mama ana kazi," kisha akanitazama. Ile tazama sijaisahau.

Nikimuuliza mama, ananiambia maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mwekezaji wetu anasema tuachane na fundi mmojammoja, tuziendee karakana kubwa za ushonaji. Na kuna kampuni kubwa imenipa ofa ya kazi nzuri, wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao.

Usiku najiambia kesho naifunga. Asubuhi fundi mmoja ananitumia ujumbe kwamba bila programu yetu asingemaliza nguo za harusi nzima kwa wakati, na naendelea tena. Niambie, Mshauri: ninakata tamaa mapema mno, au nimechelewa kukubali?

Ni mimi,
Niliyesimama Njia Panda

*

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Ni barua ya mtu mwenye akili timamu aliyechoka, na uchovu wako nauheshimu. Kulipa mishahara ya watu wengine huku wewe hujilipi si jambo dogo.

Umeniuliza swali moja, lakini ndani yake naona matatu yaliyofungwa pamoja. La kwanza: je, kazi hii ina uhai, yaani wapo watu wanaoihitaji kiasi cha kuilipia na kubaki? La pili: hata kama ina uhai, je, wewe na wanaokutegemea mnamudu gharama ya kuilea? La tatu hukuliandika, ila limo katika kila aya: nikiifunga, mimi nitakuwa nani? Ukiyajibu kwa pamoja utazunguka usiku na asubuhi kama unavyozunguka sasa, kwa sababu usiku unajibu la pili na asubuhi unajibu la kwanza. Tuyatenganishe.

Niruhusu nianze na mama yako, kwa heshima zote. Methali aliyokupa ni ya kweli, lakini mimi naisikia ikimwambia mtu aliyevua nguo ukingoni kisha akaogopa baridi. Wewe si huyo. Wewe umeshayaoga, miaka minne sasa. Hakuna atakayesema uliishia ukingoni, na hata ukitoka leo utakuwa umeoga. Swali lililobaki ni kama kuna sababu ya kuendelea kukaa majini kesho, na sababu hiyo haiwezi kuwa muda ambao umeshakaa.

Nasema hivi kwa kuwa pesa na miaka iliyokwisha kuingia ina nguvu ya ajabu juu yetu sote. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walichapisha utafiti kuhusu watu waliokuwa wakinunua tiketi za msimu mzima wa maigizo katika ukumbi wa chuo kikuu. Baadhi ya wanunuzi, bila kuchaguliwa kwa sifa yoyote, walipunguziwa bei. Maigizo yalikuwa yaleyale kwa wote, lakini katika nusu ya kwanza ya msimu waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi. Bei waliyokwisha kulipa ndiyo iliyowavuta. Basi nawe jiulize hivi: kama leo ungekabidhiwa kampuni hii bure, na watumiaji wake 60, wanaolipa 22, mkopo wake na uchovu wake, ungeipokea? Usinijibu mimi. Jibu peke yako, na uchukue siku chache kabla ya kuliamini jibu lako.

Sasa tuje kwenye uhai wa kazi yenyewe. Ile 900 iweke kando, haikuambii kitu zaidi ya kwamba watu wanapenda kujaribu. Ninachotaka uangalie ni hiki: chukua mafundi wote waliojiandikisha mwezi mmoja, uone wangapi walikuwa bado wanaitumia baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, baada ya sita. Kisha chukua waliojiandikisha mwezi uliofuata, na mwingine. Kama kila kundi linapungua halafu mahali fulani linaacha kupungua, wakabaki wachache wasiotoka, hapo kuna uhai, hata kama ni mdogo, na kazi yako ni kujua hao waliobaki ni watu wa aina gani. Kama kila kundi linaendelea kupungua hadi halina mtu, na wale 60 wa leo ni wapya tu ambao zamu yao ya kuondoka haijafika, hilo ni jambo jingine kabisa, na hakuna sehemu ya mitindo au ya mahesabu itakayoliponya. Sijui wewe uko wapi kati ya hayo mawili. Seva zako zinajua.

Halafu nenda kwa wale 22, uso kwa uso au kwa simu, uwaulize programu hii ikizimwa kesho watajisikiaje. Mmarekani Sean Ellis, aliyefanya kazi na kampuni changa nyingi, alizoea kuuliza swali la namna hiyo, na alitumia asilimia 40 ya wanaojibu kwamba watasikitika sana kama alama ya kuwa kazi imepata watu wake. Hiyo si sheria, ni makadirio ya mtu mwenye uzoefu, na 22 ni wachache kwa hesabu za asilimia. Lakini sauti zao zitakuambia mengi kuliko namba. Yule fundi wa nguo za harusi hakudanganyi, furaha yake ni ya kweli kabisa. Ila yeye anaongea, na wale mamia walioondoka hawaongei, ndiyo maana asubuhi unamsikia yeye peke yake.

Na hao walioondoka usiwahukumu haraka kwamba hawajaelewa. Hebu mtazame fundi akiwa kazini: tepu shingoni, chaki mkono mmoja, mteja amesimama mbele yake amenyoosha mikono. Daftari limefunguka hapo mezani, penseli inaandika kiuno na urefu wa mkono kwa mara moja. Simu inataka ifunguliwe, ichaguliwe jina, iguswe kisanduku baada ya kisanduku, na vidole vina vumbi la chaki. Huenda daftari halishindwi kwenye kuandika vipimo. Huenda linashindwa mahali pengine, kwenye madeni ya wateja au kwenye siku za ahadi. Umejenga kwa kulitazama daftari la mama yako, na hilo ni jema. Je, umewahi kukaa karakanani siku nzima na fundi ambaye si mama yako, aliyeiacha programu, bila kumshawishi airudie? Kama bado, hiyo ni kazi ya wiki mbili na haigharimu chochote.

Nikigeukia pesa, hapa sitazungukazunguka, maana ndipo naona hatari. Unasema mna miezi mitano. Nadhani hamna. Miezi mitano ni hesabu ya kwenda mpaka akaunti ikauke, na kampuni iliyokauka haiwezi hata kufungwa vizuri. Kufunga kuna gharama zake: mishahara ya mwisho na stahiki za wafanyakazi wawili, kodi, wateja waliokwisha kulipa kabla, mhasibu, na pengine mwanasheria. Toa gharama hizo kwanza, ndipo uhesabu miezi. Ikibaki mitatu, basi una mitatu.

Na kuna dada. Kwa kawaida, katika kampuni yenye dhima yenye ukomo, mwenye hisa akipoteza anapoteza alichoweka ndani ya hisa. Udhamini wa mtu binafsi unavuka ukuta huo: kampuni ikishindwa kulipa, benki inaweza kumdai aliyedhamini. Umeandika kwamba dada yako hajawahi kukuuliza, kana kwamba kimya chake ni ridhaa. Kinaweza kuwa ni upendo, au woga wa kukuvunja moyo, au hajui hali ilivyo. Yeye ni mshirika katika uamuzi huu hata kama jina lake halipo kwenye usajili. Mambo mengine yote katika barua hii yanaweza kusubiri, lakini mazungumzo na dada yako yasisubiri. Kaa naye ukiwa na makaratasi: kilichobaki kwenye mkopo, malipo ya kila mwezi, na itakuwaje kila njia ikishindwa.

Kuhusu njia zenyewe, sidhani kama ziko mbili tu. Kuendelea kama mlivyo ni mojawapo, na hatari yake nimeshaitaja: unaweza kununua miezi michache kwa bei ya kila kilichobaki.

Kugeukia karakana kubwa, kama anavyoshauri mwekezaji, ni njia yenye hoja. Karakana ina mafundi wengi na oda nyingi, na mkanganyiko wake ni mkubwa kuliko wa fundi mmoja. Lakini fahamu unachokubali. Anayelipa hatakuwa yule anayeitumia, maamuzi yatachukua muda mrefu zaidi, na utahitajika ujenge upya sehemu kubwa ya programu. Hiyo ni kampuni mpya utakayoianza ukiwa na uchovu wa ile ya zamani. Watu hupenda kusimulia habari za Slack, programu ya watu wa kazi moja kutumiana ujumbe, kwamba ilizaliwa kutokana na mchezo wa kompyuta ulioitwa Glitch. Ni kweli: Stewart Butterfield na wenzake waliufunga mchezo huo mwaka 2012, na chombo walichokuwa wamejitengenezea cha kuwasiliana wao kwa wao kazini kikawa bidhaa mwaka uliofuata. Kinachosahaulika ni kwamba waliufunga mchezo pesa za wawekezaji zikiwa bado zimo benki. Waligeuka wangali na nguvu za kugeukia. Na wapo wengi waliogeuka wakaanguka, ambao hatuwasikii. Kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu kwa ajili ya karakana, tafuta karakana moja iliyo tayari kuweka malipo ya awali kwa maandishi. Pongezi na ahadi usizihesabu.

Njia nyingine ni kupunguza: kuwabakiza wale wanaolipa, kuacha kuongeza vipya, kuiendesha mwenyewe jioni huku umeajiriwa. Inavutia kwa sababu haikulazimishi kuagana na kitu. Hiyo ndiyo hatari yake pia, maana kampuni inaweza kukaa miaka haifi wala haikui, na jioni hizo ndizo ambazo mtoto wako anaziulizia. Isitoshe, wafanyakazi wako wawili watahitaji kuambiwa mapema, na mkataba wa ajira mpya huenda usiruhusu shughuli ya pembeni. Usome kabla ya kusaini. Unaweza pia kumtafuta mtu wa kuichukua, mtu mwenye huduma nyingine kwa mafundi, au hata mmoja wa wafanyakazi wako. Bei itakuwa ndogo, lakini mafundi wako hawataachwa.

Na ikiwa ni kufunga, kuna kufunga kwa heshima. Vipimo na namba za simu za wateja ni mali ya mafundi waliokuamini, kwa hiyo wape muda wa kutosha na njia rahisi ya kutoa taarifa zao kabla hujazima seva. Wafanyakazi wasije wakasikia kwa watu wengine. Mwekezaji mwambie mapema, yeye alijua kuwa mtaji wa kampuni changa unaweza kupotea. Kumbuka kwamba kampuni ikielekea kushindwa kulipa madeni, sheria za nchi nyingi huwapa wakurugenzi wajibu kwa wanaodai, na zinaweza kuwabana wanaoendelea kukopa huku wanajua hakuna kitakachorudi. Uliza mwanasheria wa kwenu mapema, hata kama utaamua kuendelea.

Sasa lile swali la tatu. Umesema rafiki yako alikutelekeza. Sitabisha na maumivu yako, kwani mlianza pamoja na ukabaki na mzigo peke yako. Lakini inawezekana aliziona namba hizohizo unazoniandikia leo, akazisoma kabla yako, akakosa namna ya kusema bila kukuumiza. Kama bado ana hisa, mtalazimika kuzungumza kwa vyovyote. Afadhali mazungumzo hayo yaanze kwa kuulizana hali.

Na ile tazama ya mume wako umeipa maana wewe mwenyewe. Huenda ilikuwa lawama. Huenda alikuwa anakuonea huruma, au anakusubiri useme. Muulize. Muulize pia, na ujiulize, ni kipi utakachokikosa hasa ikiwa utaacha: mafundi, kazi ya kutengeneza kitu, au kuitwa mwanzilishi? Majibu hayo hayana aibu yoyote, ila yanaelekeza kwenye njia tofauti. Anayewapenda mafundi anaweza kuwahudumia kwa namna nyingine. Anayependa kutengeneza anaweza kutengeneza kwingine. Jina la mwanzilishi ni gumu zaidi kuliacha, na ni vizuri ujue kama ndilo unalolipia mishahara.

Nisichokushauri ni kuiacha tarehe ya ile ofa ya kazi ikuamulie. Waulize kama unaweza kuanza baadaye kidogo, waajiri wengi huelewa. Wakati huohuo andika masharti yako kwenye karatasi, ukiwa umelala vizuri: mpaka tarehe fulani nataka kuona nini, kwa idadi ipi ya wanaolipa wanaovuka mwezi wa tatu, karakana ngapi zimelipa, na akaunti isishuke chini ya kiasi gani. Umpe karatasi hiyo mtu asiye na hisa wala mshahara katika kampuni yako, aitunze, akuitishe siku hiyo. Masharti yakitimia, utaendelea ukijua kwa nini. Yasipotimia, utakuwa na maneno yako mwenyewe mbele yako, yaliyoandikwa kabla ya uchovu na kabla ya ujumbe wa asubuhi. Na ukitaka kuyabadilisha siku hiyo, ni haki yako, ila mweleze aliyeyatunza sababu yako.

Anza na dada yako wiki hii, kisha chambua yale makundi ya miezi. Ukishapata picha ya wanaobaki na wanaoondoka, niandikie tena na namba zake, tuziangalie pamoja.

Wako,
Mshauri